Kafi la Mkono Mmoja

Papa Arlène aliokota tena kafi lile refu, na Marguerite akampiga kibao mkononi.

"Hapana! Mara ngapi nakuambia? Mukono yako ingine itafanya nini?"

"Itashika kamba ya ndoano," akajibu, kama mtoto anayesomeshwa ubaoni.

"Sasa hiyo kafi utaishika na mikono mbili namna gani?"

Makafi matatu ya kupigia mtumbwi yalikuwa yamelala sakafuni, kwenye chumba chao cha tofali mbichi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Jirani yao, fundi Faustin, aliyachonga kwa mbao za masanduku: moja refu lenye bapa huku na huku, moja la kadiri, na moja fupi, urefu wa mkono wa mtu. Ziwa liko mbali kabisa na kambi. Wapita njia walichungulia mlangoni, wakauliza kama kuna mafuriko yanakuja. Marguerite hakucheka. Zilibaki siku tano kufika siku ya kuitwa Lilongwe.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kule Lilongwe, kwenye ofisi inayopitisha watu wa kwenda nchi za mbali, kulikuwa na afisa mmoja, Bwana Robert, mwenye wazimu wa kuvua samaki. Kila Jumamosi hubeba kayaki yake ya plastiki, kijimtumbwi cha mtu mmoja, akaenda nayo ziwani. Makafi yake ameyatundika ukutani ofisini, na kambi nzima iliapa kwamba kila aliyeandikwa "mvuvi" huambiwa achague moja. Lucien wa Uvira alichagua refu mwaka 2011. Leo ni 2014 na Lucien bado yupo, anauza nyanya. Nani alichunguza kama kosa lilikuwa ni kafi? Hakuna. Lakini wewe, ukiwa na watoto wanne na miaka saba ya kupanga foleni ya mahindi, utafanya mchezo na kafi?

Na faili yao ilisema wazi: Lwaboshi, mvuvi wa Fizi, mke na watoto wanne. Ila mikono ya huyu aliyeitwa Papa Arlène siku hizi, jamani, ilikuwa mikono ya cherehani. Miaka yote ya kambi ameinama juu ya nguo za watu, mpaka vidole vimekuwa laini kuliko vya bibi harusi.

Marguerite ndiye aliyelijua ziwa. Alisimama ufukweni miaka mingi na beseni lake, akingoja samaki washushwe.

"Pima toka kwapa mupaka ncha ya vidole," alisema. "Bapa ikuwe pana, sababu mukono moya haina nguvu ya mbili. Ikuwe nyepesi, ikianguka mu maji ielee. Samaki akivuta, unaweka kafi wapi?"

"Chini ya goti."

"Goti gani?"

"Ya... kuume?"

"Ile ya upande wa kamba! Eh, Mungu wangu, we utatuua."

Akasema hivyo, kisha akaketi akalia, hasira na woga pamoja. Papa Arlène hakujua ashike nini. Akamwita Arlène, binti mkubwa, amletee mama yake maji. Alikuwa mpole kwa Marguerite siku zote, na bado akimwonea haya kidogo.

"Mama Arlène, mi naogopa. Bakiniuliza kitu ingine?"

"We jibu ya kafi tu. Ingine niachie mi."

Barua ya ofisi ilitaja jina la Marguerite peke yake. Lakini nani atatokea mbele ya wakubwa bila kichwa cha nyumba? Siku ilipofika, Papa Arlène alivaa shati jeupe. Lilimpwaya mabegani, ingawa alikuwa amelipunguza mwenyewe. Wakapanda kabaza mbili, baiskeli za abiria, hadi barabarani. Wakapata lori la tumbaku linalokwenda Kanengo, pembeni mwa Lilongwe, na kutoka hapo wakatembea kwa miguu mpaka ofisini, Marguerite akisali njia nzima.

Makafi yalikuwepo kweli. Sita, ukutani.

Bwana Robert alijifunza Kiswahili Kigoma. Alipoona mgeni wake anakodolea ukuta, akafurahi.

"Unapenda uvuvi, bwana? Haya, uko peke yako kwenye kayaki. Unachukua lipi?"

Papa Arlène akasimama. Mkono ukaenda kwa lile refu. Mkono ukasita, ukashuka, ukashika fupi. Akalipima kwapani. Akalibonyeza bapa, akaligonga kwa kidole, akasema kila kitu: kamba, upana, wepesi, goti la upande wa kamba.

"Huyu ni mvuvi kabisa!" Robert alipiga makofi. "Jina lako nani?"

"Lwaboshi," akasema Papa Arlène papo hapo.

"Ndiye bwana yangu," Marguerite akaongeza haraka. Furaha ilimjaa mpaka machozi. Wamepita! Angeweza kuimba pale pale, mbele ya wazungu na weusi wote wa ofisi ile.

Robert akakaa. Akafungua faili, akafunua karatasi moja, akairudia tena. Akamtazama yule mwanamume. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, hiki ni cheti cha hospitali. Lwaboshi alifariki mwezi wa tatu. Mwili wake ulichukuliwa na mdogo wake, fundi cherehani." Akaifunga faili polepole. "Mjane na watoto wanne tulishawapitisha wiki iliyopita. Leo nilikuita kusaini tu."