Pazia la Viraka

Mwasiti alirudi kutoka sokoni akamkuta mama yake, Bi Mwanatumu, ukumbini, pazia amelitandaza magotini, anakata nyuzi kwa wembe.

Pazia lile Bi Mwanatumu alilishona kwa mkono kwa miaka kumi na mmoja. Alilikusanya kutoka nguo za watu wa nyumba ile: shati la mumewe, kanga ya mama yake, kanzu ya mwanawe aliyezama mtoni, na katikati hariri nyekundu ya arusi ya Mwasiti. Sasa nusu yake ilikuwa vipande sakafuni.

"Mama, unafanya nini?" Mwasiti alimshika mkono. "Hii si kazi yako mwenyewe?"

"Kazi yangu?" Bi Mwanatumu alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Mimi siwezi kukata nguo za watu nikashona pazia. Zina wenyewe hizi. Wakija kuzitaka nitawajibu nini?"

Mwasiti alitaka kumwambia kwamba wenyewe walishazikwa, amebaki yeye Mwasiti tu. Badala yake aliketi mkekani, akamtoa wembe mkononi kwa upole asije akajikata, akaendelea kufumua yeye. Mishono ilikuwa midogo, imekazwa barabara. Kila uzi ulimtia uchungu.

Bi Mwanatumu alivikunja vipande kimoja kimoja, akavipanga karibu na mlango. Ilipobaki hariri peke yake, aliiinua, akaipangusa vumbi.

"Na wewe, mwanangu," aliuliza, "umefuata nguo ipi?"

Mwasiti alinyoosha mikono yote miwili.