Mswaki wa Bi Raya

Mzee Shaweji aliipapasa miswaki yote ya dukani kwa kidole, akitafuta ulio laini kuliko yote, maana mkewe, Bi Raya, alikuwa kitandani mgonjwa, na fizi zake zilitoka damu kwa kuguswa tu.

“Babu, unachagua mswaki au mchumba?” muuza duka akamtania.

“Mchumba nilishachagua, mwanangu. Huu ni wake. Na dawa ya meno nipe isiyowasha.”

Aliporudi alikuta majirani wamejaa uani, na kidevu cha Bi Raya kimefungwa kitambaa cheupe. Mwosha maiti alikuwa akiteka maji. Mzee akamnyooshea ule mswaki.

“Ukifika kinywani, bibi, tumia huu. Polepole. Fizi zinamuuma.”

Mama yule akauchovya majini, akaujaribu nyuma ya mkono wake, kisha akaanza kulifungua fundo la kitambaa.