Masahihisho ya Kobe

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kupokea, na Nukta hakutaka kukishusha.

Ofisini walimwita Nukta, jina alilolitumia hata mtandaoni, kwa sababu hakuweza kuona kosa akalipita, hata liwe nukta moja iliyokaa vibaya. Siku hiyo alitamani angekuwa mzembe kama wenzake. Kwenye skrini palikuwa na masahihisho ya mistari michache, na tangu asubuhi alikuwa akiyatafutia kosa. Hayakuwa nalo.

Programu yenyewe aliiandika yeye. Ilipanga foleni ya wagonjwa wanaosubiri figo katika hospitali zote za nchi. Figo ikipatikana, programu ndiyo iliyosema inakwenda kwa nani. Ilikaa kwenye seva za kukodi za kampuni kubwa, lakini ilikuwa programu huria: yeyote aliweza kusoma msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, na kutuma masahihisho, na Nukta ndiye aliyeamua kuyapokea au kuyakataa. Alikuwa amelipigania hilo mbele ya wakubwa. Foleni ya uhai wa watu, aliwaambia, haipangwi gizani. Walimpigia makofi.

Sasa mtu asiyemjua, aliyejiita Kobe, alikuwa ameusoma msimbo huo vizuri mno. Aligundua kwamba programu ilihesabu kusubiri kwa mgonjwa kuanzia siku jina lake lilipoingizwa kwenye mfumo, badala ya siku alipoanza kusafishwa damu kwa mashine. Hospitali za mbali zilichelewa kuunganishwa. Wagonjwa wao waliosota miaka na miaka walihesabiwa kuwa wageni.

Na jina la kwanza kabisa kuingizwa lilikuwa la kaka yake Nukta. Aliliingiza kwa mkono wake, siku mfumo ulipowashwa, bila nia mbaya. Juzi tu daktari alikuwa amewaambia kwamba kaka ndiye wa kwanza kwenye foleni. Figo inayomfaa ikipatikana, ni yake. Mama alikaa sakafuni akilia kwa furaha.

Mchana Nukta alikwenda hospitali. Kaka alikuwa kitandani kando ya mashine, mirija mkononi, kompyuta yake kuukuu mapajani. Alipomwona aliifunika, akasema karata zimemkataa leo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya figo kumgeuka. Yeye ndiye aliyemwonyesha mdogo wake kompyuta kwa mara ya kwanza, akamwambia asiiogope, hii ni mashine jinga, inafanya unachoiambia tu.

"Mbona umekonda, mdogo wangu?" aliuliza. "Mgonjwa ni mimi au wewe?"

"Kazi tu, kaka."

Kaka alimwomba ashushe sauti asije akamwamsha jirani. Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyehamishiwa hapo kutoka hospitali ya mbali. Huyo, kaka alisema kwa mzaha, ndiye mwenye nyumba hapa. Alianza mashine wakati yeye bado anacheza mpira. Nukta aliangalia pembeni. Kisha akaaga.

Aliporudi ofisini alimwandikia Kobe kwamba suala lake litatazamwa baadaye. Lilikuwa jibu la woga na alilijua. Majibu hayakukawia.

"Dada, kama kuna kosa nionyeshe. Kama hakuna, yapokee."

Alimchukia mtu huyo kwa moyo wake wote. Alimwona kabisa: kijana mzima, figo zake mbili ndani, anakunywa chai mahali fulani huku akiwapangia wengine nani aishi. Hana mgonjwa, hana mama wa kumtazama usoni. Ni rahisi kuwa mwadilifu ukiwa huna cha kupoteza.

Kisha akapokea. Hakuwa jasiri wala mwema. Ni kwamba kosa lilikuwa pale, mbele ya macho yake, na alishindwa kuliacha.

Seva zilijipakia masahihisho zenyewe, foleni ikajipanga upya. Kaka alishuka mpaka chini, mahali ambapo hata daktari alipapasa maneno kabla ya kuwaeleza. Mama aliuliza kompyuta imeingiliwa na nini. Nukta aliinama akaanza kukunja shuka. Kaka alisema tu kwamba atasubiri, kisha akaomba maji.

Figo ilipopatikana alipewa fundi cherehani. Kaka hakuifikia nyingine. Moyo ulimsimama akiwa kwenye mashine, asubuhi, muuguzi akiwa ameshika mkono wake.

Siku ya msiba uani kulijaa viti vya kukodi, na mama alikuwa sebuleni katikati ya wanawake, sauti imemkauka. Mjomba alileta mfuko wa vitu vya marehemu kutoka hospitali, akauweka kitandani, chumbani kwa kaka, alikojificha Nukta. Alimwambia ajikaze kwa ajili ya mama. Nukta aliitikia kwa kichwa, na mjomba alipotoka akaufunga mlango.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Siri ilikuwa inamla, na ulimwenguni pote palikuwa na mtu mmoja tu aliyestahili kuibeba pamoja naye. Kobe alikuwa kimya tangu masahihisho yapokewe, hakuuliza hata yamefanya nini. Nukta alitoa simu akamwandikia, machozi yakidondokea kioo.

"Masahihisho yako yalikuwa sahihi. Yamemuua kaka yangu. Nataka ulale ukilijua hilo."

Akatuma.

Ndani ya mfuko simu ya kaka ikalia. Watu wengine walikuwa bado hawajapata habari. Tangu jana walikuwa wakimtumia salamu. Nukta alifuta uso, akatia mkono aizime.

Kioo kilikuwa bado kinawaka. "Kobe," kilisema, "una ujumbe mpya kutoka kwa Nukta."