Chumba cha Mama Mkwe

Zilikuwa zimebaki siku chache mvua zianze. Wenye nyumba wote wa mtaa ule walikuwa juu ya mapaa yao wakipigilia misumari, na Bwana Ukarabati alikuwa juu ya lake, aking'oa.

Aliing'oa taratibu, akaitia mfukoni. Kisha akateremsha uzi wenye kokoto, ukapita tundu la bati na tundu alilokwisha toboa kwenye dari, akashuka ngazi kwenda kuangalia kokoto inaning'inia wapi. Ilikuwa kando kidogo ya kitanda cha wageni. Akasukuma kitanda mpaka kokoto ikatua katikati ya mto.

Jina hilo la Ukarabati alipewa na majirani, naye alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Hakuna aliyepita mbele ya lango lake asielezwe habari za mifereji: kwamba majani yaliyooza ndiyo adui wa bati, kwamba rangi hupakwa jua likiwaka, kwamba anayengoja mawingu ndipo aazime ngazi ni mjinga. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alimwambia hata muuza maziwa, aliyekuwa akiishi chumba cha kupanga.

Mwaka huo bidii yake ilizidi. Jiko lilipakwa rangi upya, mifereji ikazibuliwa, kila kichwa cha msumari kikazibwa kwa lami. Chumba chake na mkewe kilikuwa kikavu kuliko vyote. Nyumba nzima ilikuwa tayari kwa masika, isipokuwa pale juu ya mto mmoja.

Sababu ilikuwa mama mkwe.

Habari zilimfikia vipande vipande, maana kila mkewe alipoanza kumweleza, yeye alikuwa juu ya ngazi na hakuwa na nafasi. Mama kagawa kuku wake. Mama kampangisha mtu nyumba yake. Mama anakuja, ana neno, ila anataka aliseme kwa kinywa chake. Bwana Ukarabati hakuhitaji kuambiwa neno gani. Mtu hagawi kuku wake kwa ajili ya safari ya kwenda na kurudi.

Hakumchukia, alijiambia, na huku anamchukia. Safari iliyopita mama alimtazama akitundika rafu ya jikoni. Mkwe alipotoka, mama akaitundua, akaitundika upya. Rafu ile ilikuwa imenyooka mpaka leo, na kila asubuhi ilimharibia chai. Sasa mwanamke huyo aje akae hapa, amtazame kila anaposhika nyundo, mpaka Mungu amchukue mmoja wao? Afadhali mvua imwondoe, lawama ziende mbinguni.

Mama akafika na mkoba mmoja mdogo na koti kubwa, zito kama godoro, siku ambayo watu walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Bwana Ukarabati alilitazama lile koti. Kumbe anapanga kuwa hapa hadi majira ya baridi.

"Karibu, mama. Hapa ni kwako," alisema, akampokea mkoba.

"Ahsante, baba." Mama akainua macho kwenye dari. "Paa umelishughulikia? Nasikia mvua za mwaka huu si mchezo."

"Mama, nyumba hii hata panya hapati tone la kunywa."

Mama akacheka, akasema basi moyo wake umetulia, maana hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Neno lake angelitoa kesho jioni, wakiwa wametulia wote.

Kesho yake mvua haikungoja jioni. Ilimwagika baada ya chakula cha mchana, mama akiwa amejilaza. Bwana Ukarabati alikuwa sebuleni, gazeti mkononi, masikio chumba cha wageni. Lilisikika tone, likafuata jingine, kisha ukelele.

Alikimbia na beseni kama mtu aliyekuwa amelishika tayari. Akawalaani wauza misumari wa siku hizi, akajipiga kifua, akasikitika mpaka mkewe akamwonea huruma. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kilemba chapachapa, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Aibu gani hii, mama," alisema Bwana Ukarabati. "Na mvua ikishaanza, paa haligusiki. Sitakulazimisha kukaa kwenye tabu. Kesho nitakusindikiza stendi mwenyewe."

Mama alilitazama tundu, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akachukua simu yake akatoka nayo varandani. Katika kelele za mvua mkwe aliyanasa maneno mawili matatu tu: "hapana," "nimeghairi," "irudishe." Akafurahi kimoyomoyo. Mpangaji anaambiwa airudishe nyumba.

Mama alirudi macho mekundu, akamshika mkono.

"Mwanangu, mimi nilikuja kuwaaga. Shemeji yako aliye ng'ambo, kule kwenye theluji, alinikatia tiketi ya ndege, niende nikaishi kwake mpaka nife." Akakikamua kilemba chake ndani ya beseni. "Lakini nitamwachaje binti yangu chini ya paa kama hili? Nimemwambia tiketi airudishe. Nitakaa hapa hapa, tulitengeneze, mimi na wewe. Nyundo nitashika mimi."

Kisha akauchukua mkoba wake na lile koti.

"Chumba chenu nimekiangalia," alisema. "Kile hakivuji."