Pumzi ya Makhanu

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika kiwanda cha sukari nilikokuwa muuguzi, mfichua maradhi ndiye aliyeumbuka: pumzi ikipungua, alifutwa kazi.

Makhanu, mpanga makapi ya miwa, alipuliza kwenye mpira wa mashine yangu ya kupimia mapafu. Kalamu ikapanda kidogo karatasini, ikatetemeka, ikalala. Kifua chake kikapiga mluzi.

“Sista, nipulizie wewe,” akaninong'oneza. “Watoto wanakulanga hii kazi.”

“Makhanu, unazaa huko ndani?” mwenzake akamtania kutoka nje. Kicheko kikageuka kikohozi, na foleni nzima ikakohoa.

Niliutazama mpira, umelowa mate yake ya kijivu. Nikaichomoa karatasi, nikaitia sahihi vile ilivyo.

“Umeniua, sista.”

“Kinachokuua ni vumbi la makapi. Mwite mwenzako aingie. Msamaha siombi.”