Maji ya Jumanne

Mtambo wa umeme wa maji uligoma mbele ya wageni. Gurudumu lilizunguka mara mbili, likakohoa, likasimama. Balbu ya zahanati haikuwaka hata kidogo.

Balwant, fundi wa Njoro mjini Moshi, aliyeujenga kwa mikono yake mwenyewe, alifungulia koki mpaka mwisho. Bomba likatoa maji ya kunawia mikono tu. Kwaya ilikuwa imeshamaliza beti zote na kuanza upya, na mkubwa kutoka mkoani akatazama saa yake.

"Ndugu fundi," alisema, "tulikubaliana. Usipowaka leo, lori lililotuleta litaushusha na kuupeleka kijiji kingine. Mashine ni mali ya taifa, si pambo."

Jasho lilimtiririka Balwant chini ya kilemba. Nyuma yake alisimama Yuditha, muuguzi aliyezalisha kina mama wa kijiji kile kwa mwanga wa koroboi miaka tisa. Alikuwa ameikazia macho ile balbu. Balwant aliona afadhali angemtukana.

"Nipe saa moja, mkubwa."

Akashika njia ya kupanda mlima, kando ya mfongo, mfereji ule wa wazee ulioleta maji kutoka msituni.

Hesabu zake hazikuwa na kosa, hilo alikuwa tayari kuliapia. Mwaka mzima, kila Jumanne, alikuwa amepanda basi kutoka Moshi, akamalizia kwa miguu na kutega pipa kwenye mfongo. Iwe masika, iwe Januari vumbi linapoingia mpaka menoni, pipa lilijaa kabla hajahesabu kumi na mbili. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mfongo mwaminifu namna ile. Maombi yake ya kwanza ya fedha za mtambo serikalini yalirudishwa, ya pili yakapotea maofisini, ya tatu yakapita kwa sababu ya zile namba tu.

Basi leo kuna mwizi. Mwizi wa maji, tena wa makusudi, na akimtia mkononi atamburuta mpaka mbele ya mkubwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wa huko juu alikuwa amewapenda. Kila Jumanne walishuka kumtazama akipima, wakakaa kwenye majani na majembe yao, wakimsalimu na kumtania, huku ulezi wao ukinyauka mlimani. Moyoni alikuwa amewasikitikia kwa uvivu wao.

Hakuwa amewahi kupanda kupita pale alipotega pipa. Sasa alipanda, na hakwenda mbali kabla ya kuona mfongo umetobolewa ubavuni, maji yakikimbilia shambani. Mbele kidogo, mahali pengine. Kisha pengine tena. Alihesabu mifereji tisa, yote wazi mchana kweupe, bila aibu.

Kwenye wa tisa alimkuta mzee Ebenezeri, msimamizi wa mfongo, suruali imekunjwa magotini, akinyweshea shamba lake.

"Shikamoo, mzee." Balwant alikuwa na hasira, lakini adabu ilimtangulia.

"Marahaba, mwanangu. Umeme umewaka?"

"Utawakaje? Nani amefungua maji haya?"

"Sisi." Mzee alilishangaa swali. "Leo Jumamosi. Ni zamu yetu, kama ilivyo Jumanne."

"Lakini mwaka mzima nimepima! Maji hayakupungua hata siku moja!"

"Yangepunguaje, na sisi tupo?" Mzee aliegemea jembe, akatabasamu kwa fahari. "Ulituambia maji yakiwa machache mtambo hauji. Basi kila Jumanne alfajiri tuliifunga mifereji yote tisa, mpaka upime, uondoke. Ulezi umetufia, hata pombe ya mbege ya Krismasi hatukunywa. Lakini tulisema, mtihani ni wa mwaka mmoja tu, acha Yuditha apate taa."

Balwant alikalia ukingo wa mfongo. Huko chini lori liliwashwa, na kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Mzee alitega sikio, kisha akamtazama fundi, na lile tabasamu likaanza kumtoka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kwani ukishafaulu mtihani, maji unayataka tena?"