Rangi ya Mtoto wa Bilan

"Alikuwa mweusi ti," Ugbad akasema tena, akimimina chai. "Mweusi kama chini ya sufuria."

Wanaume wawili walioketi mkekani walitazamana. Walikuja kutaka jibu la posa, na huyu bibi anawapa rangi za mbuzi.

Mkubwa wao, Warsame, shemeji yake Ugbad, alikohoa. "Ugbad, mbuzi tumewasikia. Sasa tuzungumze habari ya Filsan."

"Tutafika. Chai kwanza."

Filsan alikuwa mjane wa Mustafe, na Mustafe alikuwa mtoto pekee wa Ugbad. Miezi minane nyuma alitoka Garissa na mbuzi thelathini kwenda malishoni, upande wa Dadaab. Asubuhi ile mama yake alimsihi amwache mbuzi mmoja, Bilan, nyumbani, maana ndiyo mimba yake ya kwanza na tumbo lilikuwa limeshuka. Mustafe alicheka tu, akamswaga pamoja na wenzake. Siku ya nne watu wakamkuta Mustafe ndani ya laga, mto usio na maji, kwenye mchanga mkavu, risasi moja mgongoni. Fisi walikuwa wamefika kabla ya watu. Mbuzi hakuonekana hata mmoja. Polisi waliandika, wazee walikaa vikao, mwisho ikasemwa ni majambazi wa kupita tu, hawana jina wala ukoo.

Tangu hapo Ugbad hakuwa na hadithi nyingine ila mbuzi. Watu walisema huzuni imempanda kichwani. Ukimkuta kwenye soko la mifugo, ukikaa naye matangani, hata kwenye foleni ya mgao wa chakula kule kambi ya Dagahaley alikokwenda kumtembelea dada yake, habari ni ile ile: Bilan wake, mweupe, kichwa chekundu, kidoti cheusi juu ya pua. Na mtoto wa Bilan, mweusi ti. Akishasema hivyo humtazama mtu usoni. Watu walijibu "pole, mama", wakamaliza chai yake, wakaenda zao.

Mposaji alikuwa huyu wa pili, Liban, dalali wa mbuzi, ndevu zimekolea hina. Siku za msiba alileta gunia la sukari, akalia kuliko wafiwa. Wiki ya mauaji yeye alikuwa Banissa, mbali kaskazini, akinunua mifugo, na jambo hilo alilisema mara nyingi kwa uchungu: angekuwa karibu, angefuata nyayo za wale mbuzi mpaka awapate, lakini wapi, hakuwaona hata kwa mbali. Eda ya Filsan ilipokwisha akaanza kuleta nyama. Filsan ana watoto wawili na jiko lililopoa. Alisema neno moja tu: lile atakalosema hooyo, mama mkwe wake, ndilo hilo hilo. Ugbad akikubali leo, Ijumaa watafungishwa ndoa, na watoto wa Mustafe watahamia kwa Liban.

"Liban," Ugbad akasema, "hizo ndevu alikupaka nani? Bi harusi ataolewa mikono mitupu, hina yote umeimaliza wewe."

Warsame akacheka hadi chai ikamwagika. Liban naye akacheka.

"Haya, wewe mjuzi, niambie. Mbuzi mzuri ni wa rangi gani?"

Hapo Liban akakaa sawasawa. Sifa yake sokoni ilikuwa jicho. Mbuzi akipita mbele yake mara moja, baada ya miaka miwili atakutajia mabaka yake yote, mpaka ya chini ya tumbo. Mtu akikosea rangi mbele yake, kosa hilo humchoma kama mwiba.

"Wa kupeleka Uarabuni, hooyo, ni mweupe mtupu. Wale hawataki doa. Lakini wa kukaa naye nyumbani, chukua mwekundu wa shingo nyeupe. Jua la jioni likimpiga, unashiba bila kula."

"Na Bilan wangu?"

"Nani Garissa hakumjua Bilan? Ulikuwa unampitisha sokoni kama gari jipya."

"Basi mtoto alimwangusha." Ugbad alipangusa jicho kwa ncha ya shela. "Mama mzuri vile, anazaa kitu cheusi ti, hata unywele mmoja mweupe hakuna. Sijui beberu gani alimharibia."

Warsame akashusha pumzi. "Sawa, mweusi. Sasa Filsan..."

"Si mweusi, adeer, mzee wangu." Liban alikuwa anatabasamu kama mwalimu aliyeona kosa kwenye daftari. "Hooyo macho yamechoka. Yule ni mwekundu. Miguu ya mbele ana soksi nyeupe zote mbili, ubavu wa kushoto ana baka limepinda kama mwezi mwandamo. Na kile kidoti cha mama yake amekirithi, juu ya pua hapa. Mwanambuzi kama yule unamwitaje mweusi?"

"Soksi mbili?"

"Mbili. Wallahi, mimi kwa rangi sikosei."

"Hukosei," Ugbad akasema.

Akaliweka birika chini, polepole, asimwage. Nyuma ya pazia Filsan aliacha kumbembeleza mtoto.

"Warsame," Ugbad akasema, "inuka ufunge mlango. Bilan alitoka hapa na mimba yake tumboni. Huyo mtoto mimi sijamwona hata siku moja."